Basari ya Mtaa: Kwa Nini Fresha Anapewa 5K na Bado Anaambiwa Ashukuru

Barua za kuitwa chuo zishatoka. Mathe ashapiga yako picha akaituma kwa kila grupu ya WhatsApp, majirani washasema hongera, na sasa kwa nyumba kumebaki swali moja: karo itatoka wapi? Hapo ndipo huwa kuna anko mmoja, kila familia iko na yeye, anakunywa chai polepole halafu anasema, "Si kuna basari ya CDF? Enda tu kwa ofisi ya mheshimiwa uchukue fomu."

Anaongea ni kama hiyo fomu ni ATM.

Mimi sisemi usichukue fomu. Chukua. Chukua hata mbili. Hiyo ni pesa ya ushuru, na kila bando umewahi kununua ilikatwa ushuru. Lakini tuwekane rada kuhusu venye hii kitu hufanya kazi, juu msimu huu kuna mafresha wengi sana watapanga laini kwa ofisi ya chifu wakidhani wanaenda kulipiwa chuo, na wengi wao watatoka na kitu ya kulipa godoro na nauli.

Anza na namba. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kuenda juu, ile alama inakufungulia digrii, ni 246,391. Nchi iko na maeneobunge 290. Ukigawanya, ni kama wasee 850 kwa kila eneobunge, wa mwaka mmoja pekee. Na hapo hujahesabu walio mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, wa TVET, na watoto wa sekondari, ambao wote wanakula kwa sufuria moja na wewe.

Basi basari ya mtaa haijatengenezwa ikumalizie karo. Imetengenezwa iguse watu wengi. Na fresha ndiye huumia zaidi, juu kila kitu hiyo fomu inauliza ni kitu fresha bado hana.

Piga hesabu ya shimo kwanza

Watu huenda kwa ofisi ya basari na huzuni badala ya namba. Unaulizwa unahitaji ngapi, unasema "chochote tu". Maze, hapana. Jua shimo lako ni la saizi gani.

Mfumo wa kufadhili vyuo vikuu tuko nao sasa ulianza 2023. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, kesi ikaenda Mahakama ya Rufaa na huo uamuzi ukasimamishwa kwanza, kwa hivyo mafresha bado wanaingia chuo na hizo bendi. Ziko tano. Ukiwa bendi ya 1, serikali inakupa ufadhili wa asilimia 70, HELB inakukopesha 25, familia inabaki na 5. Bendi ya 2 familia inalipa 10, ya 3 inalipa 20, ya 4 inalipa 30, na ya 5 inalipa 40.

Sasa chukua kozi ya 200,000 kwa mwaka, tuseme hivyo kwa sababu ya hesabu. Bendi ya 1, nyumbani wanatoa 10,000. Bendi ya 3, wanatoa 40,000. Bendi ya 5, wanatoa 80,000. Hilo ndilo shimo. Juu yake weka keja ama hosteli, chakula, na ile laptop kila mtu anasema "si lazima" mpaka siku ya asainimenti ya kwanza. Kuna mkopo wa matumizi, 60,000 kwa mwaka ukiwa bendi ya 1, unashuka mpaka 40,000 ukiwa bendi ya 5, lakini hiyo pia ni deni, utakuja kuilipa ukiwa na kazi. Ama bila.

Kuna kitu hapa watu hawaambiwi. Bendi inatoka kwa majibu ulijaza kwa potali ya HEF: wazazi wanapata ngapi, ulisoma shule gani, ndugu wangapi bado wanasoma. Ukiona umewekwa bendi ya 4 na mathe anauza sukuma kwa kibanda, kata rufaa kwa hiyo potali kabla uanze kuzunguka na fomu za mheshimiwa. Kutoka bendi ya 4 mpaka ya 2, kwa ile kozi yetu ya 200,000, inakuokolea 40,000 kila mwaka. Hakuna basari ya wadi itakupatia 40,000. Sijawahi ona. Kwa hivyo ile saa tatu utakaa cyber ukipanga vizuri karatasi za rufaa inaweza kuwa na ganji mingi kushinda mwezi mzima wa kufuata MCA kwa matanga.

Kuna milango kadhaa, na kila mlango uko na mwenyewe

Mtaani watu husema "basari ya CDF" kumaanisha kila kitu. Si kitu moja. NG-CDF ni ya eneobunge, ilianza kama CDF mwaka wa 2003 wakati wa Kibaki, na sheria inayoiendesha sasa ni ya 2015. Hiyo inapikwa kwa ofisi ya eneobunge na picha za kupeana cheki ni za mbunge. Basari ya wadi ni pesa ya kaunti, hiyo picha ni ya MCA ama gavana. Halafu kuna NGAAF, ile iko chini ya mwakilishi wa kike wa kaunti, wengi hata hawajui inapeana basari. Ukiwa mtu mwenye ulemavu, baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu liko na msaada wake wa masomo, na fomu yake ni tofauti kabisa.

Nje ya serikali kuna kanisa, msikiti, chama cha wamama, na ile welfare ya watu wa kijiji chenu wanaoishi Nairobi, ile buda hulipa mia mbili kila mwezi na hasemi ni ya nini. Usidharau hiyo ya mwisho. Haina muhuri, haina kamati ya watu kumi, na ikiamua kukuchangia inaamua Jumapili na pesa inaingia Jumatatu. Shida yake ni moja tu, lazima wakujue. Kama buda hajawahi kuenda mkutano tangu 2019, usitarajie watakupigia makofi.

Zote hizi zinaulizana swali moja: wewe ni wa nani? Ndio maana zinaitwa za jamii. HEF inaangalia data. Basari ya mtaa inaangalia ni nani atasimama aseme "huyu mtoto namjua". Inaweza kuwa chifu, pasta, imamu, mzee wa mtaa, mwalimu wa zamani. Kwa msee amekulia kijiji kimoja hiyo ni rahisi. Kwa msee wa Pipeline amehama keja mara nne, mzee wa mtaa hamjui hata jina la mathe wake.

Mbona ni nyembamba hivi

Hapa ndipo mimi hukasirika, wacha niseme.

Chukua eneobunge liko na milioni 10 za basari za vyuo. Ni mfano tu, usiniulize ni eneo gani. Mnaweza kulipia wanafunzi 100, kila mtu 100,000, wakamaliza mwaka bila stress. Ama mnaweza kupatia wanafunzi 2,000, kila mtu 5,000. Pesa ni ile ile. Sasa vaa viatu vya mwanasiasa. Wanafunzi 100 wako na wazazi kama 200, na nyuma yao kuna familia 1,900 zenye hasira ziliambiwa "pole". Wanafunzi 2,000 wako na wazazi 4,000 wanasema "angalau alitukumbuka". Uchaguzi uko 2027. Ungefanya nini?

Hiyo ndiyo sababu 5K haitoki kuwa 50K. Si ati pesa haiko. Ni juu pesa nyembamba iko na kura mingi. Na ubaya ni kwamba 5K kwa mtoto wa sekondari ya kutwa inaweza kufanya kitu ya maana, lakini kwa fresha ako bendi ya 5 na shimo la 80,000, hiyo ni tone kwa bahari. Bado utaambiwa uende kwa mkutano wa kupeana cheki, ukae kwa jua kutoka asubuhi, usikize hotuba saba, upigwe picha.

Kuna upande wa pili na lazima niuseme. Ukilipia watu 100 vizuri, nani anachagua hao 100? Kama kamati ni ya marafiki wa mheshimiwa, basi hao 100 watakuwa watoto wa marafiki wa mheshimiwa. Angalau 5K kwa kila mtu inapunguza hiyo story. Wazazi wengi wanapenda ile nyembamba kwa sababu hiyo hiyo, hawaamini ile nene itawafikia. Siwalaumu.

Lakini inawezekana. Kwale, wakati wa gavana Salim Mvurya, kaunti ilianzisha mpango wa Elimu ni Sasa. Badala ya kumwagia kila mtu kidogo, watoto waliofaulu na kuitwa shule za kitaifa walilipiwa karo yote, na wa vyuo vikuu pia wakasaidiwa. Hiyo ni kaunti ambayo kwa miaka mingi watu walikuwa wanaitaja tu wakiongea kuhusu Diani na umaskini. Waliamua pesa ikae mahali moja mpaka imalize kazi.

Na bado tukiwa Kwale, kuna somo lingine kuhusu pesa za jamii. Base Titanium, ile kampuni ilikuwa inachimba madini huko, ilikuwa na ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa vijiji vya karibu na mgodi. Mgodi ukamaliza kuchimba Desemba 2024. Kama ufadhili wako umefungwa kwa kitu, uliza hicho kitu kitaishi miaka ngapi. Digrii ni miaka minne. Kuna za mitano, kuna za sita.

Vitu fresha hana

Rudi kwa fomu. Ukurasa wa kwanza: jina, namba ya kitambulisho, namba ya usajili ya chuo, tawi, mwaka wa masomo. Fresha ametoka fom foo, ako na miaka 18, kitambulisho aliomba juzi na ako na ile karatasi ya kusubiri. Namba ya usajili iko kwa barua ya kuitwa chuo, na barua yenyewe inatoka kwa potali ya chuo wakati wake, si wakati wa kamati ya basari. Kama dirisha la basari lilifungwa mwezi mmoja kabla barua yako itoke, ulikuwa umeachwa nje kabla hata ujue kozi yako.

Wengine huamua kujaza bila namba, "nitaleta baadaye". Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Cheki ya basari haiandikwi jina lako. Inaandikwa jina la chuo, na inaenda na orodha ya majina na namba za wanafunzi. Cheki moja inaweza kuwa na watu mia moja ndani. Ikifika kwa ofisi ya fedha ya chuo na jina lako halina namba, ama namba imeandikwa vibaya, karani hataanza kukutafuta kwa hosteli. Pesa inaingia akaunti ya chuo, jina lako linabaki na salio, na wewe uko kwa laini ya mtihani ukiambiwa hujamaliza karo.

Nilikuwa hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili, na moja kati ya sababu ilikuwa basari iliyoandikwa namba yangu vibaya, ikafika baada ya mtihani, halafu ikachukua muda mrefu kuonekana kwa akaunti yangu. Sitaji ofisi, haisaidii. Nasema tu kwamba ile digiti moja ni kitu kubwa kuliko hotuba zote saba.

Kwa hivyo ukijaza namba, nakili kutoka kwa barua, si kutoka kwa kichwa, pamoja na zile mistari na herufi zake zote. Ambatisha nakala ya barua. Jina liwe lile lile liko kwa cheti cha KCSE na kwa kitambulisho. Kama KCSE inasema Wanjiku na kitambulisho kinasema Njeri, enda kwa wakili mapema uapishwe, usingoje karani akuambie siku ya mwisho. Kama mzazi alifariki, wanataka cheti cha kifo, na hapa familia nyingi hukwama, juu kile wako nacho ni kibali cha mazishi na wanadhani ni kitu moja. Si kitu moja. Cheti unakiomba kwa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo na kinaweza kuchukua muda. Kama umelelewa na mathe pekee, barua ya chifu iseme hivyo kabisa, isikuachie nafasi tupu penye jina la baba mtu aanze kujiuliza.

Chifu mwenyewe, enda na heshima na mapema. "Shikamoo chifu" haina ushuru. Siku za fomu ofisi yake inajaa mpaka nje, na kuna watu watakuambia muhuri ni "chai". Muhuri hauuzwi. Ukiwa na mzazi wako na mzee wa mtaa wenu hiyo story huwa inapungua sana, sijui ni kwa nini, lakini inapungua.

Halafu kuna hii: cheki kwa Kenya inakufa baada ya miezi sita. Zingine hukaa kwa ofisi ya mheshimiwa zikingoja siku ya sherehe. Ukisikia jina lako liko kwa orodha, usitulie. Uliza cheki ni namba gani, imeandikwa tarehe gani, na imepelekwa chuo lini. Halafu peleka hizo habari kwa ofisi ya fedha ya chuo wewe mwenyewe, na uandike jina la karani amekuhudumia.

Wa shagz ama wa mtaa?

Hii swali inawaua watoto wa Nairobi. Umezaliwa Kayole, umesoma Kayole, lakini buda na mathe wanapigia kura shagz. Fomu kadhaa zinauliza kata, kata ndogo, hata kituo cha kura. Ukienda Kayole unaambiwa "nyinyi si wa huku, wazazi wako hawapigi kura hapa". Ukienda shagz, chifu anakuangalia kama mtalii. "Wewe ni mtoto wa nani tena?"

Kura si kigezo cha uhitaji. Mtoto hawezi kukosa karo juu mzazi wake amesajiliwa kituo kingine. Lakini nikikuambia ati ukalie hiyo haki mpaka semista iishe nitakuwa nakudanganya. Chagua mahali moja penye kuna mtu anaweza kusimama na wewe, ulenge hapo na nguvu zote. Kwa wengi wa mtaa, hiyo ni ile shule ya msingi ulisoma ama kanisa umekulia. Barua ya mwalimu mkuu aliyekufundisha miaka nane iko na uzito kuliko ya pasta wa juzi. Na usijaze sehemu mbili ukidanganya unaishi kote. Majina hulinganishwa siku hizi, na ukipatikana unatolewa kote kuwili.

Mahakama nayo ina maneno yake

Yote hiyo ni kama pesa itaendelea kuwa. Na hapo ndipo mambo yanakuwa moto.

Agosti 8, 2022, siku moja kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikuwa inakiuka Katiba. Sababu kwa kifupi: mbunge kazi yake ni kutunga sheria na kuangalia serikali, si kugawa pesa na kujenga madarasa. Baada ya hapo pesa za NG-CDF zilichelewa na wabunge wakapiga kelele mpaka zikatoka. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaja na hii ya 2015, ikasema hata yenyewe ni kinyume na Katiba, na ikaipatia mpaka Juni 30, 2026 kufunga duka. Rufaa ikapelekwa. Na wabunge, badala ya kungoja, Julai 2025 wakapitisha muswada wa kubadilisha Katiba ili hiyo pesa iwekwe ndani kabisa mahali korti haiwezi kuifikia.

Upande wa kaunti nako si shwari. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliandikia kaunti akasema zisilipe basari kama hakuna makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Kisheria ako na pointi. Jedwali la Nne la Katiba linapea kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Chuo kikuu si kazi ya gavana. Magavana wakalia, story ikafika kortini, na katikati ya hiyo vita wazazi wakawa wanaambiwa "tunangoja mambo ya Nairobi".

Maoni yangu? Korti inasema ukweli na bado ukweli huo unaweza kumtoa mtu chuo. Pesa ya masomo haifai kuwa mkononi mwa mtu anatafuta kura. Sawa. Lakini kama mnaifunga, ile pesa ihamie wapi? Kama itaenda HEF na HELB kwa ukamilifu, mimi niko ndani kesho. Data inaweza kukosea lakini angalau inaweza kukatiwa rufaa, na haikuambii ukae kwa jua. Kama itapotea tu kwa bajeti, basi tutakuwa tumetoa 5K na kuweka sufuri. Sijasikia mwanasiasa yeyote akijibu hilo swali vizuri, wa serikali ama wa upinzani. Wote wanaongea kuhusu nani atashika, si nani atalipiwa.

Uliza orodha

Kitu watu hawajui ni kwamba huhitaji kuwa mtu wa mheshimiwa ndio ujue basari iligawanywa vipi. Kamati ya NG-CDF kwa sheria lazima iwe na vijana, na mtu mwenye ulemavu ndani. Jua ni nani anakaa hapo kwa jina lako. Kama hajawahi kukanyaga mtaa wenu, hiyo ni habari.

Halafu kuna sheria ya kupata habari ya 2016. Mwananchi yeyote anaweza kuandikia ofisi ya umma barua aulize: basari za mwaka huu zilikuwa pesa ngapi, waliopewa ni wangapi, kigezo kilikuwa gani, cheki za chuo fulani zilitumwa lini. Wako na siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa tume ya Ombudsman, bila malipo. Barua yenyewe ni ukurasa mmoja, inaweza kuwa kwa Kiswahili, na huhitaji kueleza unaitaka ya nini. Mbogi ya mafresha kumi wa eneobunge moja wakiandika pamoja, hiyo ofisi italala macho.

Kwa fresha wa mwaka huu, kazi ya wiki hii ni fupi: pakua barua ya chuo na karatasi ya karo, angalia bendi yako na ukate rufaa kama imekosea, tafuta kitambulisho ama ile karatasi ya kusubiri, halafu ndio uende kwa chifu. Basari ije ikukute umeshajipanga na HEF na HELB, isije ikawa ndiyo mpango wenyewe. Ukipewa 5K, chukua risiti ufuate mpaka uione kwa akaunti yako ya karo.

Na wale mnaingia chuo, wekeni hii kwa akili. Kabla mjaze fomu ya mwaka wa pili, ulizeni kwanza kama ofisi ya kuirudisha bado iko wazi.